Mama amekwenda, kichwa hakinyamazi: je, pori la kaskazini litanituliza?

Binti wa miaka 31 kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha kwa ruhusa yake:

"Jambo Mama. Mama yangu mzazi alifariki mwezi wa tatu mwaka jana. Aliugua miaka miwili, na mimi ndiye niliyemuuguza mpaka mwisho. Kaka yangu anaishi Luleå, kule Uswidi. Hakufika kwenye matanga kwa sababu ya karatasi. Sasa karatasi zimekaa sawa, amenilipia tiketi, anataka mwezi wa nane tutembee kwa miguu siku nane katika milima ya kaskazini, tuanzie mahali panapoitwa Abisko. Anasema watu wanakwenda kule kutafuta amani ya moyo na wanaipata. Mimi tangu mama aende kichwa changu hakinyamazi, hata nikiwa kanisani. Naogopa mambo mawili. La kwanza, kwamba sitaweza. La pili, kwamba nitaweza, nitembee mpaka mwisho, halafu nisipate kitu. Hata kwenye matanga kaka hakuwapo, sasa nimfuate porini? Wewe umeishi kule, niambie ukweli."

Pole sana, mwanangu. Nilizaliwa Kamalondo, hapahapa Lubumbashi, nikafanya uuguzi kaskazini mwa Uswidi miaka 14, na kwa misimu mitano ya kiangazi nililinda vibanda vya wasafiri kwenye njia hiyohiyo anayotaka kukupeleka kaka yako. Tangu nirudi nyumbani kazi yangu ni kukaa na watu waliofiwa. Kwa hiyo barua yako imenigusa pande zote mbili, na nimeisoma mara nyingi kabla ya kushika kalamu.

Hofu ya kwanza haitachukua muda. Utaweza. Mtu aliyemgeuza mgonjwa kitandani kila usiku kwa miaka miwili ana mgongo na subira ya kutosha kwa njia ile. Inaitwa Kungsleden, maana yake Njia ya Mfalme. Yote ina karibu kilomita 440, kutoka Abisko hadi Hemavan, lakini nyinyi mtatembea kipande cha kaskazini tu, kama kilomita 110. Mahali pa juu kabisa ni kipito cha Tjäktja, pale njia inapovuka kati ya milima, mita kama 1,150 kutoka usawa wa bahari. Lubumbashi yetu imekaa mita kama 1,200! Kifua chako hakitashtuka. Kitakachokusumbua ni mawe. Kuzunguka kipito kile unatembea muda mrefu juu ya mawe makubwa kama magunia ya makaa, yamelala ovyo, na kila hatua lazima uichague.

Kila baada ya kilomita 10 hadi 20 hivi kuna kibanda cha chama cha watalii cha Uswidi, chama kilichoanzishwa mwaka 1885. Ndani kuna vitanda, gesi ya kupikia, sufuria, na jiko la kuni la kupasha chumba joto. Umeme hakuna. Simu haishiki karibu njia nzima, ila kibandani kuna simu ya dharura. Maji ya vijito mnakunywa kama yalivyo, jambo ambalo mtu wa Lubumbashi anahitaji siku mbili kuliamini. Beba unga wa mahindi kidogo. Nimesonga bukari (ugali wetu) kwenye kibanda cha Alesjaure, tukala na nyama kavu ya kulungu wa kaskazini, wale wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa kule, na mgeni mmoja Mjerumani akaomba tonge, kisha akaomba la pili.

Kaka yako amechagua vizuri mwezi. Mwisho wa mwezi wa nane mbu wameshapungua, na wa kule ni wengi kuliko unavyoweza kufikiria. Majani ya ile miti mifupi yenye magome meupe yanaanza kugeuka manjano, na usiku unarudi. Kuanzia mwisho wa mwezi wa tano hadi katikati ya mwezi wa saba jua halitui kabisa Abisko, na mtu mwenye usingizi mbovu kama wako asingefaidika na hilo. Baridi ipo. Chukua baridi ya hapa kwetu ya mwezi wa sita alfajiri, uiongezee upepo na mvua inayopiga ubavuni. Theluji inaweza kuanguka mwezi wowote. Nguo za pamba zikiloa hazikauki, kwa hiyo tafuta sufu, hata kwenye mitumba.

Miguu uianze leo. Vaa buti zilezile utakazosafiri nazo, weka kilo kumi kwenye begi la mgongoni, tembea Jumamosi nzima. Majirani watauliza unahamia wapi. Ukisikia joto mahali pamoja kisiginoni, simama papo hapo, vua, kausha, bandika plasta. Usiseme "nitafika kwanza". Nimesafisha malengelenge mengi kibandani, na karibu yote yalianza kwa mtu aliyesikia joto akaona haya kuwasimamisha wenzake.

Na jambo moja la alama. Njia ya kiangazi imepakwa rangi nyekundu juu ya mawe na juu ya marundo ya mawe. Utaona pia nguzo zenye misalaba myekundu. Hiyo ni njia ya majira ya baridi, wakati maziwa yameganda. Ukiifuata mwezi wa nane itakuingiza kwenye kinamasi au ziwani. Sisi tuliokua tukifundishwa kuufuata msalaba tunavutwa nao, hasa ukungu ukishuka. Tazama mawe.

Sasa hofu ya pili, na hapa nitakaa.

Kaka yako anasema watu wanakwenda kutafuta amani na wanaipata. Mimi niliyekaa mlangoni nikiwapokea jioni, wameloa mpaka mifupani, sikuona hivyo. Waliokuja kuitafuta ndio walikuwa na safari ngumu kuliko wote, maana walijipima kila saa. Leo nimetulia? Mbona jana nilikuwa afadhali? Mama mmoja wa makamo alikaa jikoni kwangu akanieleza kwamba ametembea siku nne, amelipa pesa nyingi, na bado anamchukia mume aliyemwacha. Alikuwa anatetemeka kwa hasira, hasira ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Sikuwa na neno la kumpa. Nilimwomba anisaidie kuchota maji.

Vibandani kuna ndoo za aina mbili, ya maji safi na ya maji machafu, na kila moja ina mahali pake pa kuchotea au kumwagia. Wageni ndio wanaochota, ndio wanaopasua kuni, na asubuhi unaondoka ukiwa umeacha ndoo imejaa na kuni zimepangwa kwa ajili ya mtu usiyemjua atakayefika jioni. Yule mama alishuka kijitoni. Njia ilikuwa na utelezi, ndoo ilikuwa nzito, ikabidi atembee polepole akiitazama isimwagike. Alirudi, akaiweka, akachukua nyingine akashuka tena bila kuombwa. Mara ya tatu nilimsikia anaimba kwa sauti ya chini. Sikumuuliza habari za mume.

Unaandika kwamba kichwa hakinyamazi. Nami nakuuliza: kinyamaze vipi? Kwa miaka miwili kilikuwa kwenye zamu. Kilisikiliza pumzi ya mama usiku, kilihesabu vidonge, kilijua kabla ya mtu yeyote kwamba homa imepanda. Hakuna aliyekuja kukiambia kwamba zamu imekwisha. Mama alizikwa, watu wakala, wakaenda zao, na kichwa chako kimebaki macho, kinacheua yaleyale: ningempeleka mapema, ningebadilisha dawa, usiku ule nisingelala. Nimewaona wengi waliouguza muda mrefu wakiwa hivyo, na nilikuwa hivyo mimi mwenyewe.

Pori halitakiambia kichwa chako kilale. Lingejaribu hivyo lingeshindwa, kama maombi na ushauri wa majirani vilivyoshindwa. Linachofanya ni kukipa zamu nyingine. Lile jiwe linatikisika au limekaa imara? Wingu lile linakuja kwetu? Maji ya chupa yanatosha mpaka kijito kingine? Ni maswali ya kweli, yana majibu, na jioni yanakwisha yote. Umefika, umekauka, umekula. Kwa mara ya kwanza tangu mama augue, utakuwa na siku ambayo kazi yake imeisha. Mimi ninaamini amani tunayoisikia kule inatoka hapo hasa. Milima mizuri inasaidia, sikatai, lakini nimewaona watu wakiwa na amani nene ndani ya ukungu ambamo hawaoni hata vidole vyao.

Wataalamu wa ubongo nao wamegusa upande mmoja wa jambo hili. Mwaka 2015 Gregory Bratman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatembeza watu dakika 90, wengine kwenye majani na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Wale wa kwenye miti walirudi wakicheua mawazo mabaya kwa kiasi kidogo kuliko mwanzo, na sehemu ya ubongo inayohusika na kucheua huko ilikuwa imepoa. Wale wa barabarani hawakubadilika hivyo. Walikuwa watu 38 tu, wazima wa afya, kwa saa moja na nusu, kwa hiyo usiuchukue utafiti ule kama dawa ya msiba. Ila unanipa sababu ya kukuambia uanze huku huku. Jumamosi ya mazoezi iwe njia ya vumbi nje ya mji, penye miti na vichuguu. Barabara ya malori ya Kasumbalesa iache.

Siku ya kwanza na ya pili mwili utazungumza peke yake: mabega, magoti, nyonga. Siku ya tatu jiandae. Siwezi kukuahidi kwamba itakuwa ya tatu kwako, lakini kibandani nilizoea kuwatazama kwa makini zaidi wale waliokuwa wamefika siku ya tatu, na niliweka chai karibu. Mwili umeshazoea mzigo, simu imekufa, hakuna kazi wala mtu wa kukuvuta, na ndipo yote uliyoyaziba yanapanda. Nimeona mwanaume mkubwa, mchimba madini wa Kiruna, amekaa kwenye ngazi za kibanda anamlilia mtoto aliyemzika miaka tisa nyuma. Ikikupata, usidhani safari imeharibika. Endelea kutembea ukilia. Miguu inajua kazi yake, na kulia ukiwa unatembea hakukufungi kifua kama kulia ukiwa umelala.

Nimetaja Kiruna. Treni yenu kutoka Luleå itapita pale, nawe angalia dirishani, kwa sababu utaona mji ndugu wa Lubumbashi. Ulianza mwaka 1900, wetu mwaka 1910. Wao chuma, sisi shaba. Mgodi umekula ardhi chini ya mji mpaka inabidi mji uhamishwe. Mwezi wa nane mwaka 2025 walilibeba kanisa lao la mbao, la mwaka 1912, likiwa zima, kwa kilomita tano na kwa siku mbili, watu wamejipanga barabarani wanatazama. Nilipoziona picha nililia, sijui kwa nini hasa. Labda kwa sababu hawakulibomoa.

Kuna mtu mwingine anayeunganisha njia ile na mji wetu, na wazee wa kwetu wanalijua jina lake. Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliipenda sana milima ile na alikuwa kwenye uongozi wa chama kilekile cha vibanda. Tarehe 12 mwezi wa nane 1960 alitua hapa, wakati mji ukiitwa Élisabethville, akiwa na askari wa Kiswidi wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa, akutane na Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia tarehe 18 mwezi wa tisa 1961, ndege yake ilianguka karibu na Ndola, akiwa anakwenda kukutana na Tshombe tena, kuomba risasi zinyamaze. Kutoka hapa mpaka Ndola, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 200 hivi. Najua kwamba vita vya ONU vya miaka ile viliacha vidonda katika nyumba nyingi za mji huu. Papa yangu hakuvisimulia bila kushusha sauti. Sikuandikii ili kuamua nani alikuwa na haki.

Nakuandikia kwa sababu kutoka Abisko hadi Nikkaluokta, kijiji ambako wengi humalizia safari, wameweka vituo saba vya tafakari vyenye maneno yake yaliyochongwa kwenye mawe, na mtavipita kadhaa. Wageni wengi wanasimama pale wakidhani wanasoma maneno ya mtu aliyetulia. Hakuwa hivyo. Daftari lake, lililokutwa nyumbani kwake New York na kuchapishwa mwaka 1963, ni la mtu mpweke, anayejihukumu vikali. Milima haikumwondolea upweke ule. Lakini mtu huyo ndiye aliyesimamia chumba cha ukimya katika jengo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1957, na katikati ya chumba akaweka bonge la mawe ya chuma kutoka mgodi wa Uswidi, tani sita na nusu, linalomulikwa kwa mwali mmoja wa mwanga. Ukutani kuna mchoro wa maumbo tu, msalaba hakuna. Nilipofika mbele ya jiwe la kwanza pale Abisko nilifikiria hilo: alikuwa na kelele ndani yake kama sisi, akatafuta kitu kizito cha kuweka katikati. Kaa pale dakika kumi. Usijilazimishe kusikia chochote.

Na sasa nikuambie kilichonipata mimi, kwa sababu umeniomba ukweli.

Papa yangu alipofariki nilikuwa kule. Nilikuwa na karatasi, sikuwa na pesa ya tiketi kwa wakati, nikazikiwa baba kwa simu. Nilikaa miezi na hasira ambayo sikujua naielekeza kwa nani. Mwezi wa nane mwaka 2011 nilitembea peke yangu kusini ya kibanda cha Singi mpaka nikafika ziwa Teusajaure, jioni, mvua nyembamba inaanguka. Njia inakatika pale. Inaendelea ng'ambo, kilomita moja hivi ya maji, na unavuka kwa mashua ya makasia. Mashua ni tatu, na sheria ni moja: kila upande lazima ibaki angalau mashua moja, ili anayefika asikwame. Ukikuta mbili upande wako, chukua moja uende. Ukikuta moja tu, unavuka nayo, ng'ambo unafunga nyingine nyuma yako kwa kamba, unarudi nayo, unaiacha, halafu unavuka tena. Mara tatu.

Nilikuta moja. Ningeweza kuvuka na kuiacha ng'ambo. Hakuna aliyekuwa ananiona, na mtu wa kibanda angeweza kuja na mashua ya mota kesho yake. Nilivuka nikiwa nimekwisha kabisa kichwani. Maji yalikuwa ya kijivu, kama bati. Ng'ambo nilikaa juu ya jiwe, nikaitazama ile kamba. Kisha nikaifunga.

Kurudi kulikuwa kubaya. Mashua ya nyuma ilivutwa na upepo pembeni, kamba ikikaza na kulegea, na kila ilipolegea pua ya mashua ile iligonga mashua yangu. Dum. Unavuta mara tano, sita, dum. Ngozi ya viganja ilichubuka. Nilitazama kisiki kimoja ufukweni nyuma yangu ili nisipotee mstari. Nilifika, nikaifunga vizuri ile niliyoileta, nikayatoa maji kwa kopo, nikaweka makasia ndani kwa mpango. Nilimfikiria atakayefika: atakuwa amechoka, ataikuta kavu.

Mara ya tatu sikumbuki kuanza. Ninachokumbuka ni matone yakidondoka kutoka kwenye ncha za makasia kila nilipoyainua, duara moja, duara jingine, na nikagundua kwamba kwa muda mrefu sijafikiria simu ile ya usiku. Mara niliposema moyoni "nimetulia", utulivu ukakimbia, kama ndege ukimnyooshea kidole. Sikujali. Nilikuwa nimeshaonja, na bado nilikuwa na kuvuta makasia. Ng'ambo nilifungua mfuko, nikala mkate, na usiku ule nililala kwa muda wa saa tisa. Hasira haikuisha siku ile. Ila kabla ya siku ile sikuwa najua kwamba inaweza kukaa kimya.

Kwa hiyo ushauri wangu wa njia ni huu, na mwambie kaka yako nimeutoa kwa makusudi. Wengi wakifika Singi wanageukia mashariki kwenda Kebnekaise, chini ya mlima mrefu kuliko yote Uswidi, na Nikkaluokta. Nyinyi nyookeni kusini: Kaitumjaure, Teusajaure, mpaka Vakkotavare ambako basi la kiangazi huwapeleka watu Gällivare. Urefu ni karibu uleule. Mtakosa mawe ya mwisho ya Hammarskjöld na migahawa ya Kebnekaise. Mtapata mashua. Aangalie tarehe za basi kabla hamjaondoka Luleå.

Kuhusu kaka yako, niruhusu niseme kama mama. Katika barua yako umeandika mara mbili kwamba hakufika kwenye matanga. Mara ya kwanza ulitoa sababu, mara ya pili hukutoa. Umeandika "mama yangu", hata mara moja hujaandika "mama yetu". Huyu mtu amemzika mama yake kwa simu, kama mimi nilivyomzika papa. Hakumwosha, hakumwimbia, hakushika udongo. Halafu miezi imepita, na jambo la kwanza alilofanya karatasi zilipokaa sawa ni kukulipia tiketi na kukuomba utembee naye siku nane mahali pasipo na simu. Anasema ni amani. Mimi nasoma kwamba anaomba matanga.

Sikuambii umsamehe, sijui yaliyopita kati yenu. Nakuambia tu kwamba kutembea kunafaa kwa mazungumzo ambayo mezani hayawezekani. Mnatazama mbele wote wawili, kimya hakimwaibishi mtu, na anayetaka kulia anatangulia hatua kumi. Asubuhi, mpaka mapumziko ya kwanza, tembeeni bila kuongea, mkubaliane hivyo siku moja kabla. Baada ya hapo anaweza kuuliza. Atataka kujua mambo madogo: mama alikula nini wiki ya mwisho, nani alikuwa chumbani, alimtaja? Usiku mwingi umeyabeba haya peke yako ukidhani ni mzigo wako. Kwake ni urithi, na wewe ndiye unayeushika. Mpe kidogo kidogo, kila siku kiasi unachoweza.

Usiende bila kunisikia hapa. Kama unakaa siku kadhaa bila usingizi kabisa, kama chakula kimekushinda, au kama kuna siku unatamani ungemfuata mama, mwone daktari au mwanasaikolojia hapa Lubumbashi sasa hivi, kabla ya tiketi, na mweleze kaka yako. Safari itasubiri mwaka mwingine. Njia ile haiendi popote. Pori ni zuri kwa mtu mchovu, lakini si mahali pa kumpeleka mtu anayezama. Na hata ukiwa mzima, usitembee peke yako mara ya kwanza. Mimi nilikuwa na miaka mingi kule nilipofika Teusajaure peke yangu.

Swali lako lilikuwa: je, nikitembea mpaka mwisho halafu nisipate kitu? Inawezekana, mwanangu. Inawezekana ukarudi Katuba na kichwa bado kinaongea. Lakini utakuwa umelala usiku saba au nane ukiwa umechoka kwa haki, utakuwa umejaza ndoo za watu usiowajua, na kaka yako atajua mama alikula nini wiki ya mwisho. Sijui kuviita hivyo "hakuna kitu".

Mkifika ziwani mkaikuta mashua moja, wewe piga makasia mara ya kwanza, yeye apige mara ya pili, ile ya kuvuta nyingine kwa kamba, maana ndiyo nzito na yeye ana deni analotaka kulilipa. Mara ya tatu mwamue wenyewe.